Kengele Inayodanganya

Likizo iliyopita nilimkuta kaka nyumbani Kahama, katoka shifti ya usiku. Anaendesha dampa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nikamuuliza habari za kile kifaa kinachopiga kelele gari likikaribia kitu. Akacheka. "Kile? Nilikiziba spika kwa tambara mwezi wa kwanza tu. Kila kona kinalia, kinaogopa tuta la udongo la pembeni." Halafu akapoa. Usiku mmoja wa mvua, akasema, alikanyaga breki hatua chache tu nyuma ya pikapu iliyokuwa imeharibika njiani. Aliiona kwa macho. Kifaa kilikuwa kinalia ndani ya tambara.

Mimi nasoma uhandisi wa elektroniki. Darasani tunasifia kihisi kisichokosa kitu. Sikumbuki tumeulizwa hata mara moja: kikidanganya, nani analipa?

Swali hilo watu wa ndege wamelilipia kwa damu. Najua ukitaja ndege Kanda ya Ziwa, akili inakwenda Bukoba, Novemba 6, 2022, abiria na wahudumu 43 ziwani, 19 wakafa. Ajali ile siichukui kama mfano hapa. Nazungumzia kutua kwa vyombo, yaani ILS, ambako rubani aliye ndani ya wingu hufuata mawimbi mawili ya redio kutoka uwanjani: moja linamwonyesha mstari wa katikati ya njia, jingine mshazari wa kushukia wa kama nyuzi 3. Kwa ILS ya kawaida, akifika futi 200 bila kuiona njia, anapaa tena. Ndege kubwa hushuka kama futi 700 kwa dakika, kwa hiyo futi 200 ni sekunde 17 hivi. Sasa ndani ya muda kama huo kengele iseme uongo.

Februari 25, 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa inatua Amsterdam kwa ILS ikiwa na watu 135. Ilikuwa kwenye futi 1,950 hivi, lakini altimeta ya redio ya kushoto, ile inayotuma mawimbi chini na kupima yanavyorudi, ilisoma futi 8 chini ya sifuri. King'ora cha magurudumu kikalia, maana mashine iliamini ndege inagusa ardhi na magurudumu hayajatoka. Marubani walijua ni uongo, wakaupuuza. Na kweli ulikuwa uongo! Ila namba ileile ilikuwa inalishwa kwenye mfumo unaorekebisha nguvu za injini, nao ukazipunguza kabisa kama vile ndege iko juu ya lami. Mwendo ukaendelea kufa, na walipogundua walikuwa chini mno. Ndege ikaanguka shambani kabla ya uwanja. Walikufa watu 9, marubani wote watatu wakiwemo.

Kisa cha jirani yetu kinauma zaidi, ingawa kilitokea wakati wa kupaa. Januari 30, 2000, usiku, Airbus A310 ya Kenya Airways, safari KQ431, iliruka Abidjan kuelekea baharini. Mara tu pua ilipoinuka, onyo likalia kwamba mwendo hautoshi mabawa kuibeba ndege. Halikuwa kweli. Rubani msaidizi, ndiye aliyekuwa anaendesha, akashusha pua, kama mtu anayeliamini onyo. Kumbe mfumo wa kuonya juu ya ukaribu wa ardhi ulikuwepo, ila ulipangwa unyamaze onyo lile jingine likilia. Uongo ukaufunga ukweli mdomo. Kati ya watu 179, walipona 10.

Kwa hiyo mmoja alipuuza, mwingine akatii, na wote wakaangamia. Ndiyo maana sikubali ule msemo wa haraka wa "uzembe wa rubani". Fanya hesabu. Tuseme kengele inashika kila hatari, na inadanganya mara 1 tu katika kutua mara 100. Tuseme pia hatari ya kweli hutokea mara 1 katika kutua mara 10,000. Katika hizo 10,000 utasikia kengele za uongo kama 100 na ya kweli moja. Mtu aliyezoea hesabu hiyo masikioni, ukimwita mzembe unamwonea.

Marubani wamejiwekea kanuni: usiku au ndani ya wingu, mashine ikikuambia vuta juu, unavuta juu, maswali baadaye. Lakini kanuni hiyo inabebeka tu kama kengele hailii ovyo. Mhandisi Don Bateman, aliyebuni mfumo wa kuonya ukaribu wa ardhi, aliendelea kuhangaika nao kwa miaka mingi. Toleo la miaka ya 1990 likapewa ramani ya milima na viwanja, lijue ndege iko wapi kabla ya kupiga kelele.

Nilimweleza kaka yote haya kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hicho cha kwangu mtakipa lini ramani ya matuta?" Tambara bado lipo.