Somo la Kiingereza: Neno Dogo Lifuatalo Neno la Moyo

Baba mmoja alikuwa na mwana aliyesoma katika shule ya bweni ng'ambo ya mto. Masika yalipoanza, mto ukafurika, na baba akaona heri kijana asije nyumbani siku ya Ijumaa kama ilivyokuwa desturi, asije akachukuliwa na maji. Akatwaa kalamu, akamwandikia mwalimu mkuu kwa Kiingereza kifupi: "I am afraid of my son. Please do not send him home on Friday."

Mwalimu mkuu alishtuka aliposoma barua ile. Haikusema kwamba baba anachelea mtoto asidhurike. Ilisema kwamba baba anamwogopa mtoto mwenyewe, kama mtu amwogopavyo chui. Kijana akaitwa ofisini, akaulizwa amemtendea baba yake uovu gani. Akasimama kimya, asijue la kujibu, wala hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika neno moja lenye herufi mbili.

Hadithi hii ni ya mfano tu, lakini kosa lenyewe huonekana katika barua nyingi. Chanzo chake ni rahisi kukitambua. Katika Kiswahili uhusiano wa mtu na hisia zake mara nyingi hukaa ndani ya kitenzi. Asemaye "namwogopa" na asemaye "namwogopea" wametofautiana kwa sauti moja tu, na kila msikilizaji huelewa. Kiingereza hakina njia hiyo. Hutumia kivumishi cha hisia, kama "afraid" au "angry", kisha huweka nyuma yake neno dogo liitwalo kihusishi, na neno hilo dogo ndilo lielezalo hisia inamwelekea nani.

Tena Kiswahili kina neno "kwa", nalo hubeba mizigo mingi. Mtu huona aibu kwa kosa lake, hushangaa kwa habari, hufurahi kwa zawadi. Mwingereza hugawa mizigo hiyo: "ashamed of", "surprised at", "pleased with". Basi mwanafunzi atafutaye neno moja la Kiingereza la kutafsiri "kwa" kila mahali atapotea njia. Yafaa ashike mambo matatu.

Jambo la kwanza: aulize kama ni mtu au ni jambo. Mtu akikasirishwa na mwenzake, husemwa "angry with". Akikasirishwa na jambo, husemwa "angry about" au "angry at". Mathalan:

"The clerk is angry with the messenger."
"The clerk is angry about the lost letter."

Yote mawili yaweza kukaa pamoja: "The clerk is angry with the messenger about the lost letter." Neno "annoyed" hufuata njia iyo hiyo. Msomaji asishangae akiwasikia Wamarekani wakisema "angry at" hata kwa mtu. Kwao ni desturi. Lakini katika mtihani ufuatao Kiingereza cha Uingereza, "with" ni salama zaidi kwa mtu.

Jambo la pili: akumbuke kwamba kihusishi kikibadilika, huenda maana nayo ikageuka. Hapa ndipo baba yule alipojikwaa. "Afraid of" ni kuogopa kitu au mtu. "Afraid for" ni kumwogopea mtu asipatwe na baya. "Sorry for the widow" ni kumwonea mjane huruma. "Sorry about the broken window" ni kusikitika kwa sababu ya dirisha lililovunjika. "Anxious about the examination" ni kuwa na wasiwasi juu ya mtihani. "Anxious for news" ni kuwa na shauku ya kupata habari. Vivyo hivyo, "happy with the carpenter" ni kuridhika na kazi ya seremala. "Happy for the carpenter" ni kumfurahia kwa heri iliyomfikia.

Jambo la tatu: ayajifunze maneno haya mawili mawili, kama jembe na mpini wake. Jembe bila mpini halilimi. Yafuatayo huandamana na "of": "ashamed", "proud", "fond", "jealous". "Interested" huandamana na "in". "Satisfied" na "with". "Worried" na "excited" huandamana na "about". Na kitenzi kikifuata kihusishi, hupewa mwisho wa "-ing". Aliyechoka kungoja husema "I am tired of waiting", wala hasemi "tired of to wait".

Mazoezi. Msomaji ajaze neno lipungualo kabla ya kutazama majibu:

1. The mother is proud ___ her daughter.
2. He is angry ___ his brother.
3. We are worried ___ the rain.
4. She is interested ___ nursing.
5. I am sorry ___ the orphan.
6. The farmer is satisfied ___ the price of his maize.

Majibu: 1. of, 2. with, 3. about, 4. in, 5. for, 6. with.

Aliyekosea asivunjike moyo. Na aandike katika daftari lake sentensi nzima, si neno moja moja, kisha aisome kwa sauti mpaka ulimi uizoee. Hivyo ndivyo mtoto wa Kiingereza ajifunzavyo; hakufundishwa kanuni, alisikia tu maneno yakienda pamoja.

Ama baba yule, angaliandika hivi, mwanawe asingeulizwa neno: "I am afraid for my son, because the river is in flood. Please do not send him home on Friday." Mwalimu mkuu angalielewa mara moja, na kijana angalibaki shuleni kwa amani mpaka maji yapungue.