Mafunzo Niliyopata Nikiwapeleka Watoto wa Soga Kuviona Vyuo

Ukimwuliza mtoto wa kidato cha nne hapa Soga anataka kwenda kusoma wapi, atakutajia Mlimani, Muhimbili, na chuo kimoja cha afya ambacho tangazo lake lilipita redioni juzi. Basi. Anajaza fomu hivyo hivyo, anasubiri, akipangiwa anakwenda. Wengine baada ya muhula mmoja unawakuta kijiweni wanaendesha bodaboda, na ada ya watu imeshakwenda.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na juu ya vipindi vyangu vya Jiografia nimebebeshwa ushauri nasaha. Kwa miaka kadhaa sasa kazi hiyo nimekuwa nikiifanyia njiani: tunakusanyana, watoto wachache na mzazi mmojammoja anayeweza, tunakwenda kukiona chuo kwa macho. Zamani safari zetu ziliishia Dar es Salaam na Bagamoyo. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata, tukaanza kwenda mbali zaidi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Umbali hupimwa kwa saa na nauli

Wazazi wetu wanaihesabu Dar es Salaam kuwa nyumbani na Morogoro kuwa ugenini. Sasa tupige hesabu. Kwenda Mlimani kwa gari, unatoka Soga hadi barabara kuu, unashuka Mbezi, unaunga gari jingine, na foleni ikikataa mnakaa humo humo mkitazamana. Treni ya kawaida ya SGR inasimama Soga. Nauli ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilipotangazwa ilikuwa shilingi 13,000, na sisi tunaopandia njiani tunalipa pungufu ya hapo. Ratiba tu uiangalie mapema, maana treni ya haraka inatupita.

Mama mmoja alikubali kufuatana nasi kwa shingo upande. Binti yake alitaka kusomea mifugo, naye alisema mtoto wa kike hapelekwi mbali na macho ya mama. Tulipofika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tukapita pia kampasi ya Mazimbu, ile yenye jina la Solomon Mahlangu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba hapo palikuwa na shule ya wakimbizi wa ANC, iliyopewa jina la kijana wa miaka 22 aliyenyongwa na serikali ya Makaburu Aprili 1979, na kwamba watoto wa Afrika Kusini walisoma hapo bila kujua lini wataonana na wazazi wao, hadi shule ikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Mama akasikiliza vizuri sana. Kisha akauliza makaburi yale pale ni ya nani. Nikamwambia ni ya baadhi ya hao hao wakimbizi. Akanitazama. Tangu siku hiyo nikiwa na mzazi mwenye wasiwasi ninaanzia mabwenini. Historia inakuja baada ya chakula.

2. Maonesho yanakupa vipeperushi, chuo kinakupa karakana

Maonesho ya vyuo vikuu ya Mnazi Mmoja ni mazuri, na Nanenane ya Morogoro pia. Mtoto anapata vipeperushi, kalamu na fulana akibahatika. Lakini bandani kila chuo kimevaa nguo ya sikukuu.

Chuo chenyewe kitembelewe siku ya kazi, vipindi vikiwa vinaendelea. Barua tunaandika, maana bila barua mlinzi hafungui geti. Tukishapokewa na kuhutubiwa, ombi letu ni moja: tuone mahali mikono inapofanyia kazi. Kwa fani ya ufundi ni karakana, kwa afya ni chumba cha mazoezi na hospitali wanakopelekwa wanafunzi, kwa kilimo ni shamba na banda.

Katika chuo kimoja, mkoa sitautaja, tulioneshwa karakana kubwa iliyopakwa rangi mpya. Mashine ya kuchongea vyuma ilikuwa imefunikwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na vumbi la kutosha kuandika jina lako. Kijana wetu mmoja, ambaye amekuwa akifungua redio za watu tangu shule ya msingi, akapiga goti akaufuata waya wa mashine kwa kiganja mpaka ukutani. Mwisho wa waya hapakuwa na plagi. Mwalimu aliyekuwa akitutembeza akasema wanasubiri fundi. Chuo cha kufundisha mafundi kinasubiri fundi! Watoto walijizuia kucheka mpaka getini, na hakuna aliyekiandika chuo kile.

Kwingine tulikuta karakana yenye bati linalovuja na sakafu nyeusi kwa mafuta. Pembeni palikuwa na pipa limejaa vipande vya chuma vilivyoharibiwa na wanafunzi: kimoja kimechongwa kupita kiasi, kingine tundu limekaa upande. Yule kijana alikiokota kimoja akakigeuzageuza, akauliza kama mwanafunzi aliyekiharibu alipewa kingine. Akajibiwa kwamba alipewa, mara tatu. Chuo hicho ndicho alichokichagua. Siku hizi nikiingia karakana yoyote ninatafuta kwanza pipa la vitu vilivyoharibika, na likiwa tupu ninaanza kuuliza maswali.

3. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kuliko mkuu wa chuo

Mkuu wa chuo anakisemea chuo, ndiyo kazi yake. Wa mwaka wa kwanza bado anajisifia kupata nafasi. Wa mwaka wa pili ameshaonja kila kitu, na hana sababu ya kukudanganya. Wapeleke watoto kwa mama ntilie aliye nje ya geti saa saba mchana, wakae benchi moja na wanafunzi, mwalimu ukae mbali kidogo kwa sababu mbele yako hawatafunguka. Waulize maji yanatoka siku gani hosteli. Waulize fildi walitafutiwa na chuo au walizunguka wenyewe na barua mkononi. Waulize mwalimu gani haingii darasani. Wasichana waulize, wakiwa peke yao, kama kuna mwalimu wa kujihadhari naye. Swali hilo nililiacha mikononi mwa mwalimu mwenzangu wa kike na ninamshukuru.

Na mtoto aombe kuona daftari. Daftari la somo moja, kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukikuta tarehe zinaruka wiki tatu tatu, umeshapata habari.

4. Angalia kampasi, acha jina

Mzumbe iko Morogoro, lakini pia ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam. Chuo cha Elimu ya Biashara kiko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Wakala wa mafunzo ya mifugo, LITA, una kampasi Morogoro, Mpwapwa, Tengeru na kwingineko. Mtoto anayependa kampasi aliyoiona halafu akajaza jina la chuo bila kuangalia kampasi, anaweza kujikuta amepangiwa nyanda za baridi hana hata sweta.

5. Usajili kwanza, nauli baadaye

Chuo cha kati kiwe kwenye orodha ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, chuo kikuu kiwe kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Na si chuo tu: kozi yenyewe iwemo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Kuangalia ni dakika tano kwenye simu. Sina zaidi ya kusema hapa.

6. Ada ndiyo gharama inayotangazwa, zipo nyingine

Mzazi anauliza ada, anajibiwa, anaridhika. Sisi tunabeba karatasi yenye mistari na kuandika kila kitu mpaka sabuni. Ada ya kozi ndefu ya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vyuo vingi binafsi vya afya vinadai zaidi ya milioni moja. Tofauti hiyo kila mtu anaiona. Wasichokiona ni sare, viatu vya karakana, vifaa, michango ya mitihani, bima ya afya ambayo kwa wanafunzi imekuwa 50,400, na kikubwa kuliko vyote, kitanda.

Hosteli zikijaa, mtoto anapanga geto mtaani. Geto linataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, godoro, jiko na kufuli. Baba mmoja alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya ada, akadhani amemaliza. Tulipokaa chini ya mwembe wa chuo tukajumlisha ile karatasi, chumba peke yake kiliizidi ada. Hakukasirika. Akasema afadhali amejua Desemba kuliko angejua siku ya kuripoti.

Kuhusu mikopo, watu bado wanaamini ni ya chuo kikuu tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, kwa fani zilizopewa kipaumbele. Iulize fani yako imo au haimo kabla ya kupiga hesabu za mkopo.

7. Mjomba awemo

Kwa Wazaramo na Wakwere, mjomba ana sauti kwa mtoto wa dada yake, na mara nyingi mfuko wa masomo unapita kwake. Nimeona baba na mama wamekubali, mtoto amekubali, halafu mjomba aliyeko Kisarawe anasema Dodoma hapana, na inakuwa hapana. Hajaiona Dodoma, hajaambiwa chochote, ameletewa tu taarifa kwamba achangie. Sasa barua ya safari ninaandika iwafikie wazazi na walezi, na kwa mdomo ninamwambia mtoto, mpelekee mjomba kwa mkono wako. Mjomba mmoja alipanda treni pamoja nasi hadi Dodoma, akatembea Chuo Kikuu cha Dodoma kuanzia ndaki moja hadi nyingine mpaka akaomba tupande gari, maana eneo lile ni kubwa kupita kijiji chochote anachokijua. Aliporudi ndiye aliyekuwa akiwashawishi wenzake.

8. Matokeo ndiyo yanayoamua, kwa hiyo nenda mapema na uwe na zaidi ya chuo kimoja moyoni

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba na matokeo hutoka kuelekea mwisho wa Januari. Baada ya hapo TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha machaguo ya tahasusi na vyuo. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha dhahabu: mtoto yuko nyumbani, vyuo vimefunguliwa. Akingoja mpaka machaguo yafunguliwe, atajaza kwa kusikia.

Tatizo ni kwamba mtoto anapenda chuo kabla hajajua alama zake. Cheti cha awali kwenye vyuo vya kati kwa kawaida kinataka ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Nimewakuta wenye D nne ambazo moja ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia, wameshanunua begi. Kozi za afya ndizo ngumu zaidi, nyingi zinadai Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ndiyo maana kila safari tunajitahidi kupita vyuo vya aina mbili, na mtoto wa afya ninamwonesha hata maabara ya kilimo apende asipende.

9. Asiyefika apige simu

Soga ni kijiji cha reli, na kila mwaka kuna mtoto anayetaka kuendesha treni. Chuo cha reli kiko Tabora. Hatujawahi kufika huko kwa kikundi, nauli na malazi vimetushinda. Tulichofanya ni kutafuta, kupitia wafanyakazi wa stesheni, mtu aliyesoma kule, akaongea na kijana wetu kwa simu jioni nzima, spika ikiwa wazi na nusu ya mtaa ikisikiliza. Si sawa na kuona, lakini ni bora mara elfu kuliko tangazo la redio.

10. Chuo kinachomfaa kinaweza kuwa mlangoni

Binti mmoja tulimzungusha Morogoro na Dodoma akitafuta chuo cha afya. Kila alipofika aliuliza swali lile lile nililomfundisha: hospitali ya mazoezi iko wapi, na ina wagonjwa wa kutosha? Alipomaliza kulinganisha, akachagua Kibaha, chuo cha afya kilichopo Tumbi, jirani kabisa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Wenzake walimcheka kwamba amepanda treni bure. Tumbi ilianza na Shirika la Elimu Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 ambao serikali yetu iliupokea mwaka 1970, na sisi watu wa wilaya ya Kibaha tumeuzoea kiasi cha kutouona. Yeye aliuona kwa sababu alikuwa ameshaona vingine.

Kidato cha nne cha mwaka huu kinamaliza Novemba. Mzazi au mjomba anayetaka mtoto wake awemo kwenye msafara ujao, aje shuleni kabla likizo haijaanza, na aje na nauli ya mtoto na yake mwenyewe. Mtoto peke yake hatutamkataa, ila mkiwa wawili mtaelewana haraka zaidi.