Fizi zinapoonekana mno ukicheka

SWALI: Nina miaka 26. Nikicheka, fizi zote za juu zinaonekana na meno yanakuwa mafupi kama ya mtoto. Kwenye picha nafunga mdomo. Nasikia fizi zinapunguzwa kwa leza. Ni salama? Na hazirudi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa anayefaa, ni salama. Lakini leza inakata ufizi tu, na si kila anayeonyesha fizi ana tatizo la fizi. Wengine mdomo wao wa juu ni mfupi, au hupanda sana wanapocheka. Wengine taya la juu limerefuka kwenda chini. Hao wakikatwa fizi, watapoteza pesa bure. (Na fizi kuonekana milimita 2 au 3 si kasoro hata kidogo.)

Wewe umetaja meno mafupi, na hapo pana matumaini. Jino la mbele la juu huwa na urefu wa milimita 10 hivi. Kuna watu ambao jino limeota lote ila ufizi haukujivuta, ukabaki umelifunika. Daktari wa meno atakuchoma ganzi, kisha ataingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kando ya jino mpaka kiguse mfupa. Kama kutoka ukingo mpya wa ufizi, baada ya kukatwa, hadi mfupani patabaki milimita 3 hivi, leza inatosha. Damu hutoka kidogo, mara nyingi hushonwi, na kidonda hupona kwa wiki moja au mbili. Mfupa ukiwa karibu zaidi ya hapo, ufizi utarudi. Itabidi mfupa nao upunguzwe, kazi ambayo leza ya dayodi iliyozoeleka kliniki haiiwezi.

Hukusema kama unatumia dawa. Fenitoini ya kifafa na nifedipini ya presha huweza kunenepesha fizi, hasa kwenye meno yenye ukoga. Ukikata fizi huku unaendelea kumeza dawa hizo, fizi zinaweza kuota tena. Usiache dawa mwenyewe, zungumza na daktari aliyekuandikia.

Kisu cha kawaida nacho kinafanya kazi ya kukata ufizi vizuri, kwa hiyo tangazo la leza lisikukimbize. Anza kwa kusafishwa ukoga na ugaga, kisha upimwe. Daktari akitaka kukata kabla ya kupima mfupa, tafuta mwingine.