Tutengeneze Pawa Saplai ya Linia kwa Kompyuta ya Sauti



Nyote mnaijua ile kompyuta ndogo ya ukumbini, Raspberry Pi 3, inayotuchezea rekodi za kaswida na mawaidha. Mnaukumbuka pia ule mvumo uliokuwa ukitoka kwenye spika kila rekodi iliponyamaza. Baadhi yenu mlituuliza: vipi chaja ndogo iharibu sauti? Somo hili ni jibu la swali hilo, na ndani yake tutaona namna ya kutengeneza pawa saplai isiyo na mvumo.

Kabla ya yote tunaweka sharti moja. Kazi ya upande wa volti 230 haifanywi na mwanafunzi peke yake. Lazima awepo mtu mzima anayeujua umeme. Umeme huo huua, wala haumpi mtu nafasi ya kujuta.

1. Aina mbili za pawa saplai

Aina ya kwanza ni ya suichi, kama chaja za simu. Hii huukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Faida yake ni wepesi na kutopoteza umeme mwingi. Kasoro yake ni kwamba ukataji huo huacha kelele kwenye waya. Tena ndani ya nyingi mna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 5, na hupitisha mkondo mdogo sana. Chaja ikiwa nzima mkondo huo haumdhuru mtu, lakini ukipita kwenye waya wa kwenda kwenye amplifaya husikika kama mvumo.

Aina ya pili ni ya linia. Hii hupunguza volti kwa transfoma, hunyoosha umeme, kisha ziada huigeuza kuwa joto. Ni nzito na hupata moto, lakini ni tulivu.

2. Pima kwanza

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tulinunua waya wa spika wa bei kubwa kabla ya kutafuta chanzo, na mvumo ukabaki palepale. Baadaye tulifanya jaribio lisilo na gharama: tuliiwasha kompyuta kwa pawa benki ya simu badala ya chaja. Mvumo ukakatika. Hapo tukajua kwamba ugonjwa unaingia kwa njia ya umeme wa ukutani. Lau mvumo ungebaki, pawa saplai mpya isingetusaidia kitu.

Wako watu ambao wakisikia mvumo hukata waya wa ardhi wa amplifaya. Usifanye hivyo kamwe. Waya huo ndio unaookoa maisha pale umeme unapogusa bodi ya chuma.

3. Hatua nne za umeme

Tunataka volti 5.1 na mkondo usiozidi ampia 2.5.

(a) Transfoma. Hushusha volti 230 hadi 9. Tulichagua ya VA 50, ili isifanye kazi kwa kubanwa.

(b) Daraja la daiodi. Hugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja. Kilele cha volti 9 ni 9 × 1.41, yaani 12.7. Daiodi mbili hula kiasi cha volti 2, hubaki 10.7.

(c) Kapasita. Ni kama mtungi: hujazwa kilele kinapofika, na hutoa maji mpaka kilele kingine. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo vilele ni 100, na kati ya kimoja na kingine ni sekunde 0.01. Tuliweka kapasita mbili za mikrofaradi 10,000, za volti 25, yaani jumla ni faradi 0.02. Volti zinazoshuka ni mkondo mara muda, gawanya kwa kapasita: 2.5 × 0.01 ÷ 0.02 = 1.25. Basi chini kabisa tunabaki na volti 9.4.

(d) Regyuleta. Tulitumia LM338, inayobeba hadi ampia 5. Volti zake hupangwa kwa rezista mbili: V = 1.25 × (1 + R2 ÷ R1). R1 ni omu 120. R2 ni omu 330 na 39 zikifuatana, jumla 369. Jibu ni volti 5.09.

Mtu atauliza: kwa nini tusitumie transfoma ya volti 6? Kwa sababu LM338 huhitaji kiasi cha volti 3 za ziada juu ya zile inazotoa. Volti 6 zingetupa kilele cha 6.5 tu, na tunahitaji zaidi ya 8. Isitoshe, umeme wa ukutani hushuka wakati wa jioni, kwa hiyo nafasi ya akiba ni lazima.

4. Joto

Regyuleta huingiwa na volti 10 hivi, hutoa 5.1. Tofauti ni karibu 5, na kwa ampia 2.5 tunapata wati 12.5 za joto. Kwa hiyo LM338 hufungwa kwenye alumini kubwa yenye mapezi. Angalia sana: bati la mgongo wa LM338 limeungana na njia yake ya kutolea umeme. Weka karatasi ya maika kati yake na alumini, la sivyo utapata shoti kwenye boksi.

5. Usalama na majaribio

Boksi la chuma liungwe na waya wa ardhi. Fyuzi ya miliampia 500, ya aina inayochelewa kukatika, iwe kabla ya transfoma. Ukichomoa plagi, subiri na upime kapasita kabla ya kugusa, kwani hubaki na umeme.

Usiiunge kompyuta siku ya kwanza. Tuliunga rezista ya omu 5 ya wati 10, tukapima kwa mita kwa muda wa saa nzima. Regyuleta ikiungua inaweza kupitisha volti 10 moja kwa moja na kuiua kompyuta. Kinga yake ni daiodi ya zena ya volti 5.6 pamoja na thairista upande wa kutolea: volti zikipanda, thairista hufunga njia, na fyuzi ya ampia 3 iliyo kabla ya regyuleta hukatika.

Waya wa mwisho uwe mnene na mfupi. Waya wenye omu 0.2 hupoteza nusu volti kwa ampia 2.5, na kompyuta hii huonyesha alama ya radi volti zikishuka chini ya 4.63 hivi.

6. Matokeo

Mvumo umekwisha. Je, kaswida zimekuwa tamu zaidi? Tuliwaomba wanafunzi wanne wasikilize bila kujua ni ipi inayotumika, ile chaja au hii mpya. Rekodi ilipokuwa ikicheza, hakuna aliyeweza kutofautisha. Si ajabu: ndani ya kompyuta yenyewe mna regyuleta nyingine za suichi. Basi ukiulizwa, sema ulichopima na ulichosikia, usiongeze. Tumeondoa mvumo, na hilo ndilo tulilolitaka.

Zoezi

1. Tukiweka kapasita moja tu ya mikrofaradi 10,000, volti zitashuka kwa kiasi gani? Je, zinazobaki zitaitosha LM338?
2. R1 ikiwa omu 120 na R2 omu 240, utapata volti ngapi?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini waya wa ardhi haukatwi.

Leteni majibu darasani. Wabillahi tawfiq.