Miraa na akili: Utafiti mmoja hautoshi

JE, miraa huleta maradhi ya akili? Uliza swali hili Maua, huko Meru, au Siakago katika kaunti ya Embu, na huenda ukajibiwa kwamba wazee wametafuna miaka nenda miaka rudi bila kurukwa na akili. Liulize Mombasa, na huenda ukakutana na mama anayeapa kuwa muguka ndio uliomharibia mwanawe. Mnamo Mei 2024 ubishi huo ulifika mahakamani: kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo kwa muda.

Kila upande hudai kwamba una utafiti. Wewe msomaji utamwamini nani? Juma hili tutaeleza njia wanayotumia wataalamu kukata maneno, nayo huitwa mapitio ya kimfumo. Maana yake ni kukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja, kuzipima kwa kipimo kimoja, kisha kutoa jibu.

Kipi kilianza?

Tuchukue mfano. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 831 katika sehemu za Meru zinazokuza miraa. Takriban watu 37 katika kila 100 walikuwa watafunaji. Hao walielekea zaidi kuliko wengine kusema kwamba huona au husikia mambo ambayo wenzao hawayaoni wala kuyasikia.

Hiyo ni habari ya kuzingatiwa. Lakini watu hao waliulizwa mara moja tu. Je, ni miraa iliyoanza, au ni akili iliyosumbuka kwanza ndipo mtu akatafuta miraa ya kujiliwaza? Je, alikuwa pia akinywa pombe au kuvuta bangi? Ni vigumu kwa uchunguzi wa aina hiyo kujibu. Tena, mtafiti anayehesabu wagonjwa wa wodini pekee hawaoni wale wanaotafuna na kurudi makwao salama.

Hatua tano

Kwanza, swali liwe wazi: ni watu gani, wanatafuna kiasi gani, na ni maradhi gani?

Pili, mpango huandikwa na kusajiliwa kabla ya kazi kuanza, ili mtu asigeuze swali baada ya kuona majibu. Daftari la kimataifa la usajili huo, PROSPERO, lilianzishwa Uingereza mwaka 2011.

Tatu, tafiti zote hutafutwa, hata zilizosahaulika katika makabati ya vyuo vikuu. Zile ambazo hazikupata jambo la kushtua mara nyingi hazichapishwi. Ukiziacha, mizani italalia upande mmoja.

Nne, watu wawili huzisoma, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha maoni.

Tano, matokeo huchapishwa yawe matamu au machungu, na aliyegharimia kazi hutajwa. Hebu fikiria kama amelipwa na wafanyabiashara wa miraa, au na wanaotaka ipigwe marufuku!

Ushahidi wasemaje?

Januari 2013, kamati inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya ilipitia ushahidi na kusema hautoshi kuthibitisha kwamba miraa ndiyo chanzo cha madhara mengi yanayotajwa. Hata hivyo serikali iliipiga marufuku Juni 2014, na wakulima wa Meru wakapoteza soko hilo.

Lakini kumbuka, kusema jambo halijathibitishwa si kusema ni salama. Majani mabichi yana kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo mithili ya amfetamini. Madaktari wameandika visa vya watu waliochanganyikiwa baada ya kutafuna kupita kiasi, na baadhi yao wakapata nafuu walipoacha.

Kwa hivyo, ukisikia kwamba "utafiti umeonyesha", jiulize: ni mmoja au ni zote? Waliochunguzwa ni nani? Nani alilipa?

Na ikiwa jamaa yako anatafuna, halali usiku, na anasikia sauti usizozisikia, usingoje wataalamu wamalize mapitio yao. Mpeleke hospitalini leo, na umwambie daktari bila kuficha anatafuna kiasi gani.