Kufundisha Habari za Udongo: Dawa za Magugu na Metali Nzito

Mwanachuo atakayepelekwa kufundisha Dirma, au kijiji kingine cha Mbulu na Hanang, atakuta watoto wanaoijua bomba ya kunyunyizia dawa. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, likisaidiwa na Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Leo hata mkulima mdogo hununua dawa ya magugu dukani. Kwa hiyo somo hili si geni kwa mtoto. Kazi ya mwalimu ni kulipanga vema.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaelewa

Udongo wote una metali nzito kwa asili. Baadhi yake, kama zinki na shaba, ni chakula cha mmea zikiwa kidogo, na sumu zikizidi. Nyingine, kama kadimi na risasi, hazina faida yoyote kwa mtu. Sehemu kubwa ya metali hizo imeshikwa na mfinyanzi na mboji. Mzizi hufyonza ile tu iliyoyeyuka katika maji ya udongo.

Glaifosati, dawa ya magugu iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ina tabia ya kushikana na metali. Mwaka 1964, kabla haijajulikana kuwa huua magugu, ilipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya kuondolea ukoko wa madini. Ikiingia udongoni yaweza kuibandua shaba au zinki na kuiacha ielee majini. Lakini penye tindikali na kutu nyingi ya chuma, yaweza kuwa kiungo cha kuishikilia metali zaidi. Matokeo hutegemea udongo wenyewe.

Vifaa

Chupa mbili zenye vifuniko, mchanga, udongo mweusi wa mfinyanzi, dawa ya zambarau ya vidonda, misumari miwili yenye kutu, ndimu, vikombe viwili. Dawa ya magugu isiletwe darasani kabisa.

Hatua ya kwanza

Tia matone machache ya dawa ya zambarau katika maji, uyagawe katika chupa mbili. Ongeza mchanga katika moja na mfinyanzi katika nyingine. Wanafunzi watikise, kisha ziachwe hadi kesho. Waulize: rangi ya chupa ya mfinyanzi imekwenda wapi? Waache wabishane kabla ya kuwaeleza kuwa mfinyanzi umeishika.

Hatua ya pili

Weka msumari mmoja katika maji na mwingine katika maji ya ndimu kwa usiku mmoja. Kutu itayeyuka katika ndimu, kwa kuwa tindikali yake huimega na kuishika. Hapo ndipo ueleze kwamba kitu kilichoshikwa chaweza kufunguliwa na kitu kingine.

Kosa la kuepuka

Wanafunzi watataka kusema kwamba dawa huleta metali shambani. Sahihisha: glaifosati haiziumbi; hubadili hali ya zile zilizomo. Tena kipimo cha kawaida ni kilo moja au mbili tu kwa hekta, hivyo katika udongo safi badiliko huwa dogo. Swali huwa zito pale metali zilipokwisha kulundikana, kama katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yaliyonyunyiziwa dawa za shaba kwa miaka mingi.

Hitimisho

Wanafunzi waandike mambo matatu ya kwenda kuwaambia wazazi: kipimo cha dawa kisizidishwe, samadi na mboji zirudishwe shambani, maana husaidia kuzishika metali, na dumu la dawa lisitumiwe kamwe kuchotea maji, hata likioshwa mara kumi. Mwalimu akifanikiwa katika hilo la mwisho peke yake, somo lake halikupotea.