Gemu Inasifiwa na Wote, Wewe Huipendi: Vidokezo 7 vya Kukusaidia

Marafiki wanaipigia debe, wachambuzi wameipa alama za juu, na wewe kila ukishika pedi unapiga miayo. Hilo humpata mchezaji yeyote. Minecraft imeuza nakala zaidi ya milioni 300 na Grand Theft Auto V zaidi ya milioni 200, lakini wapo wengi waliozifungua, wakazicheza kidogo, kisha wakazifunga wasirudi tena. Kabla hujaifuta gemu au kujiona mshamba, pitia vidokezo hivi.

1. Jijue wewe ni mchezaji wa aina gani

Mwaka 1996 Mwingereza Richard Bartle, mmoja wa waasisi wa gemu za kucheza pamoja kupitia mtandao wa kompyuta, aliwagawa wachezaji katika makundi manne. Wapo wanaopenda kukamilisha kazi na kukusanya alama, wapo wanaopenda kuchunguza kila kona, wapo wanaofuata kampani ya wenzao, na wapo wanaotaka kumshinda mtu. Ichukue Minecraft: haikulazimishi lengo lolote. Mpenda kuchunguza atachimba mapango mpaka alfajiri, ilhali mpenda ushindani atauliza mpinzani wake yuko wapi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hakuna kati ya hao wawili mwenye kasoro. Jiulize gemu tatu ulizozipenda kuliko zote zilikupa nini, kisha tazama kama hii mpya inakupa kitu hicho.

2. Taja kinachokukera, usiseme tu "ni mbaya"

Red Dead Redemption 2, iliyotoka mwaka 2018, ni mfano mzuri. Hadithi yake inaanza mwaka 1899, huko Marekani, kwenye milima yenye theluji ambako genge zima linajikokota. Ukiwinda paa, Arthur Morgan, mhusika unayemchezesha, anapiga magoti, anatoa kisu, anachuna ngozi taratibu, anaibeba begani na kuilaza juu ya farasi. Paa mwingine, utaratibu ni uleule. Kuna mchezaji anayeona hapo ndipo dunia ile inapopata uhai, na kuna anayeona muda wake unaliwa.

Kwa hiyo iseme kero yako kwa jina. Ni mwendo wa polepole? Ni silaha zinazovunjika ovyo, kama kwenye gemu ya Breath of the Wild? Ni maongezi marefu? Ukishaitaja, utajua kama inatibika.

3. Fungua mipangilio kabla ya kufuta

Wachezaji wengi huingia moja kwa moja uwanjani bila kugusa mipangilio, na dawa mara nyingi imo humo. Hades, ya mwaka 2020, ina hali iitwayo God Mode: ukiiwasha, madhara unayopata yanapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa kinga inaongezeka kwa asilimia 2 mpaka ifike 80. Celeste, ya mwaka 2018, inakuruhusu kupunguza kasi ya gemu nzima au hata kutokufa kabisa. Watengenezaji wenyewe ndio walioziweka nyenzo hizo ili watu wengi zaidi wafike mwisho wa hadithi. Zitumie bila haya.

4. Kama ni kichefuchefu, tatizo ni la mwili

Wapo wanaochukia gemu zinazochezwa kwa jicho la mhusika, ambapo huoni mwili wako ila mikono na silaha tu. Dakika ishirini, kichwa kinauma na tumbo linachafuka. Macho yanauambia ubongo kwamba unakimbia, huku sikio la ndani, ambalo ndilo linalohisi mwendo na mizani ya mwili, likisema umekaa kitini. Ubongo unachanganyikiwa.

Ongeza upana wa eneo unaloliona kwenye kioo. Zima ule ukungu unaotokea kamera inapogeuka, na pia kule kutikisika kwa picha mhusika anapotembea. Minecraft, kwa mfano, inakuruhusu kubadilisha upana huo na kuzima mtikisiko. Kaa mbali kidogo na runinga, washa taa ya chumbani, na ukianza kujisikia vibaya simama hapohapo. Kujikaza kunazidisha.

5. Badilisha njia, gemu ibaki ileile

Fortnite iliwashinda wengi kwa sababu ya ujenzi. Umejibanza nyuma ya mti, umemlenga mpinzani, na kabla hujafyatua ameshainua mnara wa ghorofa tatu na anakumiminia risasi kutoka juu. Tangu Machi 2022 kuna Zero Build, ambamo hakuna anayejenga, na waliokuwa wamekata tamaa wakapata pa kuchezea.

Kwa wapenda soka ni vivyo hivyo. Ukichoshwa na hali ya Ultimate Team kwenye EA Sports FC, ambako mwenye pesa ya kununua pakiti za wachezaji ana nafasi kubwa ya kupata nyota, chukua timu ndogo kwenye hali ya Career uipandishe daraja kwa jasho lako.

6. Gemu ngumu, izunguke

Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, haina mahali pa kuchagua wepesi au ugumu. Ukitoka tu pangoni mwanzoni, unakutana na shujaa wa dhahabu juu ya farasi, na wageni wengi humvaa na kufa papo hapo, tena na tena, kisha wanaifuta gemu. Lakini hakuna aliyewaambia wapigane naye sasa. Mpishe, pita kando, endelea mpaka upate farasi wako, ongeza nguvu kwa maadui wadogo, kisha rudi umkabili. Dunia ile imetengenezwa kuwa pana ili ukikwama mashariki uende magharibi. Ukilijua hilo na bado huipendi, basi umeijaribu kwa haki.

7. Linda pesa, bando na urafiki

Usinunue kwa sababu ya sifa peke yake. Tazama kwanza video ya mtu akiicheza bila kukatakata, kwa sababu tangazo halikuonyeshi sehemu za kuchosha. Red Dead Redemption 2 ya kompyuta inadai nafasi ya gigabaiti 150, na kwa anayeishi kwa bando hiyo ni gharama nyingine juu ya bei. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam, unaweza kuomba pesa zako ndani ya siku 14, mradi hujavuka saa mbili za kucheza. Saa hizo zinahesabiwa gemu ikiwa wazi, hata kama umeiacha ukaenda kula, kwa hiyo ukiinuka, ifunge.

Ukiamua kuacha, acha bila ugomvi. Mwambie rafiki yako kilichokuchosha, na muulize yeye anapenda nini humo, bila kumbeza. Kisha itumie ile kero uliyoitaja kwenye kidokezo cha pili kama dira. Uliyechoshwa na mwendo wa polepole, tafuta gemu ya raundi fupi. Uliyechoshwa na mashindano, tafuta yenye hadithi. Uliyepotea kwa kukosa lengo, tafuta inayokupa kazi moja baada ya nyingine. Gemu ni nyingi kuliko muda tulionao, na muda wa mapumziko baada ya kazi au shule ni mali. Ipe muda huo gemu inayokurudishia furaha, hata kama hakuna mwingine mtaani anayeicheza.